Wafariji, msikimbilie Warumi 8:28

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu tunaotumwa na makanisa kuwafariji wafiwa na wagonjwa. Tumezoea kufika, kuketi, na mfiwa hajamaliza kufuta machozi mtu ameshafungua Biblia: "Katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao katika kuwapatia mema." Andiko ni la kweli. Tunachokosea ni wakati wa kulisema.

Tazameni Yusufu. Ndugu zake walimtupa shimoni, akauzwa akiwa na miaka 17, akasimama mbele ya Farao akiwa na 30. Ikapita miaka saba ya shibe na miwili ya njaa ndipo akajitambulisha kwa ndugu zake, kisha Yakobo akaishi Misri miaka 17 hadi kufa. Jumlisheni wenyewe. Yale maneno ya Mwanzo 50:20, kwamba wao walikusudia mabaya bali Mungu aliyakusudia kuwa mema, aliyasema akiwa na miaka isiyopungua 56. Tena aliyasema mwenyewe. Hakuna aliyemchungulia shimoni akamhubiria.

Jeremia 29:11, penye Mungu kusema anawawazia watu wake mawazo ya amani, nayo tunaikata vibaya. Mstari wa 10 unataja miaka 70, maana yake watu wazima wengi walioisikia barua hiyo ya Jeremia huko uhamishoni Babeli wasingerudi kwao. Ndiyo maana mstari wa 5 unawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani. Kutumaini kusudi la Mungu si kulijua. Ayubu, katika mateso yake yote, hakuambiwa kamwe yaliyosemwa mbinguni kati ya Mungu na Shetani katika sura mbili za kwanza za kitabu chake. Sisi wasomaji ndio tunayajua, na labda ndiyo yanayotupa kiburi.

Basi tufanyeje? Ziara ya kwanza iwe fupi, na maneno yawe machache. Rafiki zake Ayubu waliketi naye chini siku saba kimya, na hapo walikuwa sawa kabisa. Waliharibu walipoanza kueleza sababu. Elifazi aliuliza ni nani aliyepata kuangamia bila kosa, na katika 42:7 ghadhabu ya Mungu inamwakia yeye na wenzake wawili, si Ayubu aliyelalamika.

Ikibidi kusoma, someni Zaburi 13. Ina mistari sita tu. Miwili ya kwanza ni malalamiko, "hata lini" mara nne. Miwili inayofuata ni ombi. Ya mwisho ni tumaini. Someni polepole, mnyamaze kidogo baada ya kila miwili. Kosa letu ni kurukia mstari wa 5. Mtu akishindwa kuvuka ule wa pili, mwacheni hapo hapo, msimvute. Zaburi 88 inaishia gizani, na bado ni sala ndani ya Biblia.

Warumi 8:28 isubiri mpaka mwenye msiba mwenyewe aulize habari za kusudi. Hapo anzieni mstari wa 26, penye Roho anayeomba kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, mfike wa 29. Huo wa 29 ndio unaosema mema yenyewe ni nini: kufananishwa na Mwana wake. Ukiuacha, mtu anaelewa kwamba kazi iliyopotea itarudi, na isiporudi anadhani imani yake ndiyo mbovu.

Jambo jingine, na hili sina subira nalo. Kusudi la Mungu lisitumike kumwachisha mgonjwa dawa wala kumrudisha mke kwa mume anayempiga. Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na yeye mwenyewe aliwatoroka waliotaka kumwua Dameski, akiwa ndani ya kapu, akishushwa ukutani usiku.

Mwisho, makanisa yapange zamu za wiki ya tatu, mwezi wa pili na mwezi wa sita. Wiki ya kwanza nyumba hujaa watu, halafu simu hunyamaza, na hapo ndipo maswali magumu huanza.

Msomaji wako,
Mzee wa Kanisa