Barua kwa mwanangu Rehema: lile kovu la mguuni

Mwanangu Rehema,

Hujambo? Huku Keko sote wazima, mama yako anakusalimu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Umenunua mashine ya msasa wa mkanda, hongera sana. Ila hilo la mikono kufa ganzi jioni halikunipendeza, na kwenye simu sisi wawili huishia kucheka, basi nimeona niandike.

Kwanza niungame. Lile kovu langu la mguuni, ulilokuwa ukiliuliza utotoni nikasema baiskeli, hakuna baiskeli. Nilikuwa napiga msasa mlango wa mkongo, swichi nimeibana ibaki imewaka kwa kile kitufe cha pembeni ili kidole kipumzike. Umeme ukakatika. Nikaiacha mashine palepale juu ya mlango, nikaenda zangu kunywa chai. Narudi, nimebakiza hatua mbili kufika mezani, umeme huo! Mashine ikatoka mbio kama mbuzi aliyekata kamba, ikaumaliza mlango, ikaruka, ikatua kwenye muundi wangu. Mkanda ulikuwa namba 60, ule wa chembe kubwa. Uongo wa baiskeli ulikuwa aibu tu ya fundi mzima. Kile kitufe sikigusi tena, na umeme ukikatika nachomoa waya kabla sijafikiria chai. Hata kwako, usichomeke kabla hujaitazama swichi.

Sasa mikono. Najua unaigandamiza, wote tulianza hivyo. Mashine ya mkanda wa inchi 3 ina kilo tatu au nne, uzito huo unatosha kula mbao. Wewe iongoze tu. Ukiigandamiza mkanda unapata moto, unaziba kwa unga, na mtetemo wote unapanda viganjani. Meza ikufikie nyongani au chini yake kidogo. Tanguliza mguu mmoja, utembee nayo badala ya kunyoosha mgongo. Waya upitishe begani. Na mtandio, mama, uchomeke ndani ya nguo au uuvue kabisa.

Iwashe ikiwa hewani, ishushe bapa, iinue kabla ya kuizima. Ukiisimamisha mahali pamoja inachimba bonde, na bonde hilo hulioni mpaka siku ya vanishi, mteja akiwa amesimama pembeni. Mimi huchora mistari ya penseli kukatisha ubao. Ikifutika yote kwa pamoja, najua nimetembea sawasawa. Fuata uzi wa mbao. Plaiwudi usiipelekee mashine hii, ngozi yake ya juu mara nyingi haifiki hata milimita moja.

Mkanda una mshale kwa ndani, uelekee mzunguko wa mashine. Kabla ya kuuvisha, waya ukiwa umechomolewa, kunja kidogo pale kwenye maungio: gundi yake hufa kwa joto na unyevu, na mkanda uliolala stoo muda mrefu unaweza kukatika ukiwa kasi. Ukiona unakimbilia pembeni, zungusha kile kirungu cha ubavuni taratibu mpaka utulie.

Vumbi ndilo tulilolidharau sisi wazee. Mvule unajua unavyowasha pua na ngozi. Lakini kuna zaidi: wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliliweka vumbi la mbao kwenye orodha ya visababishi vya saratani tangu 1995, na mimi mwaka huo nilikuwa naliona kama unga wa ugali. Kitambaa hakitoshi, nunua barakoa ya N95. Mfuko wa vumbi umwage nje kila jioni. Ukipiga msasa mbao za zamani, ng'oa misumari yote kwanza, maana cheche moja ikiingia mfukoni humo hufuka kimyakimya hadi usiku.

Nimekufungia mikanda sita, mitatu ya namba 80 na mitatu ya 120, pamoja na vile vizibo vya masikio. Mzigo unaondoka na basi la kesho alfajiri. Kauchukue mapema, usiachwe juani.

Baba yako