KUH: MALALAMIKO KUHUSU MCHORO BAPA WA KONI USIO SAHIHI NA KUDHALILISHWA NA AFISA WENU

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nawaandikia kwa heshima zote, ingawa heshima yenyewe mimi sikuipata kwenu. Nina leseni hai, na programu yenu naitumia kila siku kuchora hopa, faneli na viungio vya mabomba ya hewa. Nilifungua tiketi ya msaada kuhusu mchoro bapa, yaani umbo la koni likikunjuliwa kuwa bati tambarare la kukatwa, nikaambatanisha faili la koni na vipimo vyote. Afisa wenu akaingia kwenye skrini yangu, akatazama, kisha akanitamkia mbele ya mafundi wangu na mbele ya mteja aliyekuja kuchukua kazi yake: "Ndugu, programu haina tatizo, tatizo ni wewe. Katafute kwanza kozi ya kuchora mabati." Akakata. Sijavuta hata pumzi, barua pepe ikaingia: tiketi imefungwa, tatizo limetatuliwa, tafadhali tupatie nyota.

Limetatuliwa na nani?

Koni yenyewe ni ya kawaida kabisa. Mdomo mkubwa una kipenyo cha nje cha milimita 600, mdogo 300, kimo 400, bati la chuma cha pua lenye unene wa milimita 3. Bati likiviringishwa, upande wa nje huvutika na wa ndani hubanwa. Urefu usiobadilika uko karibu na katikati ya unene, ndiyo maana kwa kazi ya kuviringisha tunaweka kigezo cha K, yaani sehemu ya unene, kutoka uso wa ndani, ambapo urefu haubadiliki, kuwa 0.5. Nimeweka 0.5. Skrini yenu nayo inaonyesha 0.5. Lakini tangu toleo jipya liingie, tao la nje la mchoro bapa, yaani la mdomo mkubwa, linasoma milimita 1883.96. Ongezeni milimita 1 ya mpasuo, yaani mwanya wa mshono, gawanyeni kwa pai, mtapata 600 kamili, yaani kipenyo cha nje. Programu inakunjua uso wa nje na kuuacha unene kando, huku kwenye kisanduku ikiniandikia 0.5. Faili hilohilo kwenye toleo la zamani lilitoa tao fupi zaidi kwa takriban milimita 9, na koni zilifunga bila shida.

Kwa aliyekaa ofisini, milimita 9 ni kitu kidogo. Aje asimame kwenye mshono. Ncha zinapandana. Ukizilazimisha zikutane uso kwa uso, kipenyo kinazidi kwa karibu milimita 3 na koni haikai kwenye flanji, ile pete ya kuungia. Mdomo mdogo ndio unaoumia zaidi, kwa sababu ziada ni ileile ilhali mzingo ni nusu. Mafundi wangu walisaga, wakagonga, wakachomelea, na bado upande mmoja ukabaki umebonyea. Wakati huo vipande vyote vilikuwa vimeshakatwa kwa leza, na chuma cha pua kikishakatwa hakirudi kuwa bati zima.

Na tukiwa hapohapo kwenye leza, lile lalamiko langu la zamani la DXF, faili la mchoro linalopelekwa kwenye mashine, nalo halijapata jibu. Tao moja safi linatoka limekatwakatwa kuwa mistari mifupi iliyonyooka, mashine inasitasita kwenye kila kiungo, na ukingo unatoka na vijimeno ambavyo mtu lazima akae avisage. Hilo nililivumilia.

Ya afisa wenu sitayavumilia. Alianza kwa kunifundisha kwamba koni haikunjuki bila mpasuo. Mpasuo ulikuwepo mbele ya macho yake, na mchoro bapa ulikuwa umeshatoka! Nikamwomba achukue kipimio, abofye tao la nje. Akabofya. 1883.96 ikatokea, na kila aliyekuwa nyuma yangu akaiona. Nikamwambia, "Kaka, ongeza moja, gawa kwa pai." Kimya. Nikasikia vidole vyake kwenye kibodi, kwa hiyo hesabu aliifanya. Ndipo, akiwa na jibu mbele yake, akaniambia nikatafute kozi, akakata mawasiliano nikiwa katikati ya sentensi. Alijua. Mteja wangu aliinuka akaondoka bila kusema neno, na kazi yake ameipeleka kwingine.

Nilipoanza kuandika barua hii nilitaka mambo mawili: hitilafu irekebishwe, na afisa huyo aniombe radhi kwa maandishi. Kadiri ninavyoandika naona hayo hayatoshi. Nataka mlipe gharama ya mabati yaliyoharibika na muda wa leza. Nataka mtoe tangazo kwa watumiaji wote, leo, kwamba koni zilizokunjuliwa kwa toleo hili zipimwe upya kabla ya kukatwa, kwa sababu kuna watu wanaoiamini ile 0.5 kwenye skrini na hivi sasa wanapeleka mafaili kwenye mashine. Na nataka ada yangu ya leseni ya mwaka huu irudishwe yote.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Faili la koni, vipimo vya matoleo yote mawili, picha za skrini za kikao kile na barua pepe yenu ya "limetatuliwa" nimevihifadhi. Siku hizo zikipita bila jibu la maandishi lenye sahihi ya meneja, vyote vinakwenda kwa wakili wangu na kwa mamlaka inayolinda haki za walaji. Leseni sitaihuisha, na kila karakana ninayoshirikiana nayo itapata nakala ya barua hii pamoja na faili, ijipimie yenyewe. Msinitumie namba nyingine ya tiketi.

Wenu,
Mteja mwenye leseni