Ekari ipimwe kwa kamba, si kwa miguu ya mwenye shamba

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia neno, lakini ile habari ya kwamba sisi wenye mashine za kufyeka majani hapa Mwanza tunajipangia bei kadiri tulivyoamka imenitoa kimya. Mwandishi wenu kawahoji wenye mashamba watupu. Mwenye mashine hakumwona hata mmoja?

Bei ya kazi hii haisemwi kwenye simu. Majani ya magotini na magugu ya kifuani si kazi moja, na huku kwetu chini ya majani kuna mawe. Petroli EWURA, wale wadhibiti wa nishati, wanaitangazia bei kikomo kila mwezi, nanyi mnaichapa. Oili ya kuchanganyia, visu na kibarua wa kukusanya majani hakuna anayeviuliza. Na watu wa Sengerema, ng'ambo ya ziwa, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe, wanaona hata kusafirisha mashine ni bure.

Juzijuzi mama mmoja wa Kisesa kanipigia: "Mwanangu, ni ekari moja tu, nataka majani ya ng'ombe." Tukapatana kwa ekari. Nakata, nakata, jua linazama, ekari haiishi. Kumbe ilipimwa hatua 70 kwa 70 na shemeji yake, mrefu kama mlingoti! Ekari ni mita za mraba 4,047 hivi. Hizo hatua 70 kwa 70 zinatoa ekari zikiwa za futi tatu tatu. Ukitupa mguu mita nzima, zinatoa 4,900. Nimefyeka zaidi ya mita za mraba 800 za bure, na kisu kikavunjikia kwenye jiwe ambalo kila mtu pale nyumbani alilijua isipokuwa mimi. Nilipodai nyongeza nikaitwa mwizi mbele ya watoto.

Hatua hizohizo ndizo madalali wanazouzia viwanja kule Buswelu na Usagara, ila wao wakipima miguu hufupika ghafla. Hao hamjawaandika.

Basi kila ofisi ya mtaa ininginize mlangoni kamba ya manila ya mita 64. Mraba wake ni ekari na chenji kidogo; chenji hiyo nasamehe. Anayetaka kufyekewa aikodi kwa shilingi 500, apime mbele yangu, na mawe anionyeshe kabla mashine haijawaka. Asiyetaka kamba, fyekeo zinauzwa sokoni.

Mwenye mashine,
Igoma, Mwanza