Nilikuwa na uhakika asilimia mia

Mhariri,

Nimesoma barua ya yule ndugu aliyeandika ati majambazi wote wa Nairobi wanyongwe, tena haraka, na ati wanaopinga ni watu ambao hawajawahi kuwekewa panga shingoni. Sasa mimi nimewahi. Niko na duka Kayole, na jioni moja stima zilipotea saa mbili hivi, nikawasha tochi ya simu nihesabu pesa nifunge, wakaingia watatu, mmoja akanikata begani kabla hata sijasema neno. Wakabeba pesa, simu yangu, na simu na mfuko wa mteja aliyekuwa amesimama pale, wakapotea. Kovu iko hadi leo na ikinyesha inauma. Kwa hivo hiyo maneno ya kwamba hatujui uchungu tuiweke kando.

Siku kama nne baadaye nikaitwa stesheni, ati wameshika mmoja. Nikiwa nimekaa kwa benchi nje nikingoja, gari la polisi likaingia wakashusha kijana amefungwa pingu, mwembamba, ana koti ya kijani. Afisa akanipita akaniambia huyo ndio mtu wako. Kama nusu saa hivi nikapelekwa kwa gwaride la kumtambua mshukiwa, watu tisa wamesimama laini, na sikusita hata kidogo, nikaenda moja kwa moja nikamgusa bega. Kanuni ya gwaride ni mshukiwa asimame na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye na shahidi asiwe amemuona kabla. Hesabu ya watu ilikuwa sawa kabisa. Lakini mimi nilikuwa nishamuona! Wakati huo sikujua ni kosa, na tuseme tu ukweli, hata ningejua sidhani ningefungua mdomo, nilikuwa na hasira mob.

Kortini nikaapa, nikaulizwa kama niko na uhakika, nikasema asilimia mia. Na sikuwa nadanganya, hapo ndo watu hawaelewi. Ile sura nilikuwa naiona nikifumba macho, naiota usiku ikiwa na panga. Kumbe niliitoa kwa ile benchi ya stesheni, duka lilikuwa na giza na kichwa changu kikaijaza hiyo giza na mtu niliyeonyeshwa. Kijana hakuwa na wakili, alikuwa ananihoji mwenyewe, akaniuliza, "Mzee, huyo mtu aliyekukata alikuwa amevaa nini?" Nikamwambia koti ya kijani. Akaniangalia tu, akakaa chini. Baadaye sana ndo nikajua hiyo koti alikuwa amepewa na binamu yake asubuhi ile aliposhikwa.

Alikaa rimandi miezi 14. Kilichomtoa si korti kuwa na akili wala mimi kukumbuka vizuri, ni simu yangu kuwashwa na laini mpya, wakafuatwa, wakapatikana vijana wengine kabisa na hadi kitambulisho cha mteja wangu wakiwa nacho. Wangeitupa hiyo simu mtoni yeye angekuwa amehukumiwa.

Na angehukumiwa nini? Wizi wa mabavu, kifungu cha 296(2) cha sheria yetu ya jinai, ni kifo. Si lazima mtu auawe, mkiwa wawili au zaidi, au uko na silaha, au umuumize mtu, basi. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu kwa ile kesi ya Muruatetu, mfungwa aliyehukumiwa kifo kwa mauaji, ilisema hukumu ya kifo isiwe lazima, hakimu awe na nafasi ya kuangalia mtu, tukashangilia, alafu 2021 wakafafanua kwamba walikuwa wanaongea kuhusu mauaji peke yake. Kwa hivo aliyeua anaweza kupewa miaka, aliyenikata bega kitanzi kinamngoja. Tena wa mauaji anaenda mbele ya jaji wa Mahakama Kuu na serikali inamtafutia wakili, wa wizi wa mabavu anaenda kwa hakimu wa chini na wengi wao wanajitetea wenyewe, kijana aliyeishia darasa la nane anahoji mashahidi kuhusu maisha yake! Na si ati majaji hawajui hii hatari, mahakama ya rufaa ya Afrika Mashariki ilionya kitambo, kwa kesi ya Roria ya 1967, kwamba kesi ikisimamia utambuzi peke yake inatia wasiwasi.

Najua nitaambiwa Kenya hatujanyonga mtu tangu 1987, wale wa jaribio la mapinduzi la 1982 ndio walikuwa wa mwisho, sasa kelele za nini. Ndiyo, Rais Kibaki aliwabadilishia waliohukumiwa kifo zaidi ya 4,000 kuwa kifungo cha maisha 2009, Uhuru akabadilishia 2,747 mwaka 2016, Ruto naye 2023. Lakini angalieni vizuri hiyo huruma, hakuna mtu alifungua faili kuuliza nani hakufanya. Mwenye hatia alipewa maisha na asiye na hatia akapewa maisha, wote pamoja kama magunia kwa lori. Na sheria bado imeandikwa, kalamu ya rais mmoja inaokoa, ya mwingine inaweza kutia sahihi mtu anyongwe.

Waingereza walionyonga watu wetu zaidi ya elfu moja wakati wa hali ya hatari ya miaka ya hamsini (Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, walimnyonga Kamiti Februari 1957, hadi leo kaburi lake tunatafuta) wao wenyewe waliacha kunyonga. Moja ya zile kesi zilizowachoma ni ya Timothy Evans, alinyongwa London 1950 kwa kuua mtoto wake mchanga. Alikuwa amekiri kwa polisi, na shahidi mkubwa dhidi yake alikuwa jirani wa chini anaitwa John Christie. Miaka 3 baadaye wakapata maiti za wanawake kwa nyumba ya Christie, akakubali aliua hata mke wa Evans. Evans akasamehewa 1966. Sasa msamaha ufanye nini kwa mtu ako kwa udongo miaka 16? Afadhali Iwao Hakamada wa Japan, alihukumiwa kifo 1968 na korti ikamsafisha Septemba 2024, mzee wa miaka 88, angalau alikuwa hai asafishwe.

Yule ndugu pia aliandika kuna makosa ambayo dawa yake ni kifo tu. Rwanda waliona mauaji ya kimbari, na 2007 wakafuta hukumu ya kifo. Sisi tutasema yetu ni mabaya kuliko yao?

Mimi sitaki mwizi ahurumiwe, afungwe, hata miaka mingi. Nataka bunge litoe kifo kwa 296(2), na yeyote anayeshtakiwa wizi wa mabavu apewe wakili kabla shahidi kama mimi hajasimama. Mambo ya kuchoma watu na tairi hapa mtaani hata sitaki kuanza, ni ule uhakika uleule.

Baada ya kijana kutoka nilienda kwao na unga, mafuta na sukari. Yeye hakuwa, ama alikuwa hataki kuniona, sijui. Mamake alipokea vitu, akanipa kiti, akanyamaza kwa muda, alafu akaniuliza, "Mzee, ile siku kortini, kweli ulikuwa na uhakika?"

Nikamwambia ndiyo mama, nilikuwa nao.

Mwenye duka,
Kayole, Nairobi