Kukatwa kinundu kusiwe sababu ya kuacha dawa za kuyeyusha damu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo, kwa sisi tunaouguza wagonjwa wa moyo visiwani na kwenye mialo ya Ziwa Victoria, mara nyingi huamuliwa kwa maneno ya haraka mlangoni, bila kuandikwa popote.

Kaka yangu, mkazi wa Ukerewe, ana valvu ya bandia moyoni, na kila jioni humeza warfarini ili damu isigande kwenye valvu hiyo. Mwaka jana alipangiwa kuondolewa kinundu shingoni, na mhudumu aliyempa tarehe akamwambia aache "dawa za damu" wiki mbili. Akaacha. Siku ya tisa mdomo ulimpinda na maneno yakamkwama, na kinundu chenyewe kilikuwa bado kipo palepale.

Simlaumu mhudumu kwa kuogopa damu, maana mgonjwa wa namna hii huchuruzika kweli. Lakini damu ya ngozi huonekana, hukandamizwa kwa shashi kwa dakika 10 hadi 20, na mshipa mkaidi huchomwa au kufungwa kwa uzi, ilhali bonge lililotoka moyoni na kuziba mshipa wa ubongo halina pa kukandamizwa. Ndiyo maana miongozo ya upasuaji mdogo wa ngozi, ikiwemo ya Uingereza, huelekeza warfarini iendelee, mradi kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kwa kiasi gani, kifanywe siku chache kabla na kisizidi 3.5. Aspirini aliyoandikiwa mtu kwa ajili ya moyo nayo kwa kawaida haiachwi. Ile ya kujinunulia dukani kwa maumivu ndiyo ya kusimamisha, tena mapema, kwa kuwa athari yake kwenye chembe zinazogandisha damu hudumu siku 7 hadi 10, na kuiacha usiku wa kuamkia upasuaji hakusaidii lolote.

Baada ya kushonwa ndipo watu wengi hujisahau. Diklofenaki ya kutuliza maumivu huongeza hatari ya kutokwa damu kwa anayetumia warfarini, na metronidazo, dawa ya kuua vijidudu ambayo kwetu hutolewa kama peremende, huipandisha INR. Aulizwe daktari kwanza.

Ninachoomba kwa vituo vyetu ni kwamba uamuzi wa kuendelea au kusimamisha dawa ufanywe pamoja na kliniki ya moyo, uandikwe kwenye kadi ya mgonjwa, na wanaotoka visiwani wapasuliwe asubuhi na kulala mjini, kwa sababu kidonda kikianza kuvuja katikati ya ziwa hakuna wa kukishona.

Kinundu cha kaka kiliondolewa hatimaye, INR ikiwa 2.8 na bila kuruka hata kidonge kimoja cha warfarini. Usiku ule tulilala kwa shangazi Kirumba, jijini Mwanza. Bandeji ililowa kidogo, tukaikandamiza, damu ikakata.

Msomaji wako,
Nansio, Ukerewe