Sabuni, kunguru na ile pesa yako

Pacha wangu,

Bwana Yesu asifiwe. Huku wazima, mgonjwa anaendelea, watoto miguu inakua kuliko viatu. Najua salamu hizi unazipokea kwa jicho la pembeni, maana tangu Pasaka hatujaongea, na kosa ni langu. Ulinipigia mara mbili nikaacha simu iite. Sasa nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu ningelia, na salio lingeishia kwenye kwikwi.

Ni ile laki moja na nusu yako. Uliituma saa kumi jioni, saa kumi na mbili nimeshairudisha, na ujumbe juu yake: "Asante pacha, tuko sawa, Mungu anatosha." Hata makato nilikatwa mimi. Siku ile ndani kulikuwa na unga wa uji, sukari nusu kilo na baba watoto na hogo lake la plasta mpaka pajani. Tuko sawa! Nikiusoma ujumbe ule leo natamani kujizaba kofi.

Ngoja nikusimulie ya Jumamosi, hapo nitarudi.

Maji yalikuwa yametoka baada ya siku nne, kwa hiyo nilifua tangu alfajiri kama mwehu. Sabuni ilikuwa imebaki kipande cha mche, upana wa vidole viwili. Nimeinama kuchukua vibanio, kugeuka, kunguru yuko ukingoni mwa beseni. Tukatazamana. Unawajua kunguru wetu wa Dar, hawa ambao jamaa zao waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale takataka, wakaona takataka hazishibishi. Akaibana sabuni mdomoni, huyo! Nikamkimbiza na kanga kiunoni na mwiko mkononi, mwiko wenyewe sijui niliutoa wapi. Akatua juu ya ukuta, akaidonoa mara mbili, ikamponyoka ikaangukia upande wa pili.

Upande wa pili ni kwa yule mama wa grosari. Unamkumbuka, wewe mwenyewe ulilala hapa ukaamka kichwa kinagonga kwa muziki wake. Miaka miwili salamu yangu kwake imekuwa ni kuguna. Ile karatasi ya malalamiko iliyopelekwa serikali ya mtaa, sahihi ya kwanza ni yangu, tena kwa wino mwekundu. Na anajua.

Basi nimesimama naiaga sabuni yangu kimoyomoyo, geti likagongwa. Ni yeye. Mkono mmoja sabuni ina alama za mdomo wa kunguru, mkono wa pili sahani imefunikwa. "Jirani, sabuni yako hii. Mgonjwa amekula nini leo?" Nikafungua kinywa, nikaanza, "Tuko sa..." Kitinda mimba wangu akachomoza nyuma ya mlango: "Uji. Na jana uji."

Pacha, watoto hawa!

Ilikuwa ugali na dagaa wa Kigoma, wamekaangwa na nyanya na pilipili, ndimu pembeni. Baba watoto alikula kimya, alipomaliza ndipo akauliza nani kapika. Nilipomtajia akacheka mpaka mguu ukamuuma.

Usiku usingizi ukagoma, nikakumbuka ile picha ya shule ya Jumapili, Eliya kwenye kijito cha Kerithi na kunguru wanamletea mkate na nyama. Watoto nimewasimulia habari ile miaka yote, na kila mara nimeisimulia kwa upande wa Mungu anayelisha. Sikuwahi kujiuliza Eliya alijisikiaje. Fungua Walawi 11, kunguru yumo kwenye orodha ya ndege wa kuchukiza. Nabii mzima, asubuhi na jioni anasubiri mlo utoke kwenye mdomo ule. Sijui kama ile nyama aliisuuza. Na kijito kilipokauka hakupelekwa kwa tajiri yeyote wa Israeli, alipelekwa Sarepta ya Sidoni, kwa mjane wa mataifa aliyebakiwa na konzi ya unga. Akaomba maji, kisha akaomba mkate. Aliomba, pacha. Kwa kinywa chake.

Usinielewe vibaya, sisemi Mungu alimtuma yule ndege. Kunguru wa mtaa huu wanaiba sabuni za Wakristo na Waislamu bila ubaguzi. Ila kupokea kumenishinda tangu utoto, na ukubwani nikaipa tabia hiyo jina la imani. Kutoa naweza. Daftari la akina mama si ninaandika mimi? Fulani kafiwa, sukari kilo mbili. Fulani kalazwa, mchele na sabuni. Ulipotuma, mimi sikuona pesa, niliona jina langu kwenye mstari wa daftari lile, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Ndiyo nikakufungia mlango kwa jina la Bwana. Mungu anatosha, ndiyo, lakini huenda siku ile alikuwa anatosha kwa namba yako ya simu.

Baba Mchungaji akisikia atataka nisimame Jumapili nishuhudie. Sitaki. Nitaupamba, na kufika katikati kunguru atakuwa tai.

Sasa kinachonisumbua ni sahani. Ina ua la bluu, ukingo umemegeka kidogo. Leo siku ya nne ipo juu ya friji, maana sahani ya jirani hairudi tupu, na cha kuweka sina. Jana nilifikiria maandazi, mafuta yakanikatalia. Asubuhi hii ameniita kupitia ukutani: "Mama, nipe sahani yangu hivyohivyo, wateja wanagombania!" Bado sijaipeleka. Unaona ugonjwa wangu ulivyo sugu?

Nisamehe. Siandiki ili uitume tena ile pesa, usije ukadhani, sisi hapa tuko... aa, nimeanza tena. Ukiituma nitaipokea. Nimeandika na sifuti.

Haya, mama macho yameshafanyiwa upasuaji au bado wanamzungusha na tarehe? Yule bwana wa kwaya alirudi na mahari au na maneno matupu? Ule ujumbe wangu uliusoma ukiwa wapi, na ulilia au ulinitukana? Mama mkwe wako alisemaje, maana najua ulimwambia? Na wewe, umewahi kuniambia uko sawa, nami nikaamini nikaenda kulala? Mwezi wa sita unakuja kweli, au nimekuharibia hamu? Chumba cha mbele ni chako. Muziki upo palepale, ila safari hii tutapita kwanza kumsalimia mwenye muziki.

Ni mimi,
pacha wako