Barua ya wazi kwa Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA

Ndugu Mkuu wa Kitengo,

Yah: Kuanguka kwa huduma ya kuchuja barua pepe katika kompyuta ya masjala

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.

Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umeufunika mlima Loleza, nawasha kompyuta yetu ya mezani yenye Windows 10 na kichujio huamka bila shida, ila ikiingia tu barua yenye kiambatisho kikubwa, huanguka kimya kimya. Kwa kuwa programu yetu ya barua hupokea kila kitu kupitia kichujio hicho, kwenye anwani 127.0.0.1, yaani ndani ya kompyuta hiyohiyo, kikianguka haingii taka wala barua halali. Wiki iliyopita mzabuni kutoka Tukuyu alisimama dirishani akiwa na nakala ya barua pepe aliyoituma siku mbili nyuma, nami nikimwapia kwamba haijafika. Hakuniamini, na simlaumu.

Mafundi wako wamefika mara tatu. Mara mbili walizima na kuwasha. Mara ya tatu waliipanga huduma ijiwashe yenyewe kila inapoanguka, na tangu hapo huanguka na kuinuka kutwa nzima huku wakubwa wakiamini imepona.

Nilifungua kumbukumbu ya matukio ya Windows. Tukio namba 7031 linasema tu kwamba huduma imekoma ghafla, jambo ambalo hata mhudumu wa chai analijua. Lenye maana ni tukio namba 1000, lenye msimbo 0xc0000005, yaani programu imegusa sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta (RAM) isiyoruhusiwa kuigusa; na faili linalotajwa hapo si la kichujio, ni la antivirusi, ambayo nayo hupekua barua zilezile zinapoingia. Sisemi kesi imekwisha, kwani faili linalotajwa huenda likawa limesingiziwa, lakini kulijaribu ni kazi ya dakika chache.

Naomba mwenye nywila ya msimamizi azime ukaguzi wa barua pepe ndani ya antivirusi kwa siku moja, ulinzi mwingine ukibaki kama ulivyo, na aondoe kwa muda ule mpango wa kujiwasha ili tuone ukweli. Kichujio kikiendelea kuanguka, kisasishwe, na rekodi ya anguko ipelekwe kwa watengenezaji wake. Suala la Windows 10 yenyewe, ambayo msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, nitaliandikia barua nyingine.

Nipo masjala kuanzia saa moja na nusu asubuhi, na barua ya majaribio yenye kiambatisho kikubwa nimeshaiandaa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Karani wa Masjala,
Mbeya